Mikono ya Mama Nukta

Jumatatu asubuhi, chai ya ofisi ikiwa bado ya moto, mpwa wa mkurugenzi alikaa kwenye kiti cha Mama Nukta na kukiinua kidogo. Mama Nukta, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuna nukta iliyokosekana kwenye programu asiione, alikuwa ameachishwa kazi Ijumaa. Kizuri kula na nduguyo, alisema mkurugenzi, na ndugu alikuwa huyo.

Kwenye kompyuta kulikuwa na matoleo mawili ya programu ya kuundia programu nyingine: la zamani, alilolitumia mama huyo miaka yote, na jipya, lililonunuliwa kwa sababu ni jipya. Kijana aliagizwa kuhamisha miradi na mipangilio kutoka la zamani kwenda jipya. Skrini ilimuuliza ahamishe nini: miradi, rangi, njia za mkato, mazoea ya mtumiaji. Kusoma kulimchosha. Aliweka tiki kila mahali, akaifuata chai.

Aliporudi, mikono ya Mama Nukta ilikuwa juu ya kibodi, imeishia viwikoni, inaandika. Kovu la kuungua na pasi, ambalo ofisi nzima ililijua, lilikuwa mahali pake.

"Unaona?" alisema mkurugenzi. "Toleo jipya lina kasi."

Mpwa alisogeza kiti nyuma asiisumbue. Baadaye alipandishwa cheo.

Nyumbani, Mama Nukta alikuwa akimsuka binti yake, anayesoma zamu ya mchana, mikono ilipoondoka. Kichwa kilibaki nusu. Wakafunga safari hadi ofisini, binti akibeba chanuo.

"Bosi, nimefuata mikono yangu."

"Mama, mipangilio ni mali ya ofisi. Si ulisaini mwenyewe?"

"Nilisaini kazi, sikusaini mikono. Sasa nani ataniajiri hivi?"

"Pole sana, mama. Tutakuandikia barua nzuri ya kukusifu." Aliielekezea kidevu ile mikono. "Itaiandika yenyewe."

Mama Nukta alilia. Uchungu wenyewe haukuwa wa kumezwa. Mikono ilikuwa na kazi ya haraka, kwa hiyo binti ndiye aliyemfuta machozi, kisha akasogea kwenye meza na kuinamisha kichwa. Mikono iliacha kibodi. Ilichukua chanuo, ikagawa nywele, ikasuka upande uliobaki, ikikaza pale pale binti anapopenda kulalamika.

"Mama, unaniumiza," binti aliiambia mikono.

"Tulia," alijibu mama yake kutoka mlangoni.

Mkurugenzi alitazama saa. Hakuwa mtu mbaya, alijisemea. Akaruhusu binti aje kusukwa kila Jumamosi, wakati wa mapumziko ya mchana, maana hapa sote ni familia. Mpwa alipiga makofi.

Mikono ilifunga msuko wa mwisho, ikampapasa binti shavuni, ikarudi kwenye kibodi. Mama Nukta alishukuru. Akasimama mbele ya mlango uliofungwa, akamsubiri mwanawe aje kumfungulia.