Mguu Nisioutambua

Nauza viatu, na mdomo wangu nimezaliwa nao. Mteja akiingia dukani sikuwa namwangalia usoni. Nilimpiga jicho miguuni, kisha nikarudi kwenye simu yangu. Miguu ilinitosha kujua huyu ni wa kununua au ni wa kupoteza muda. Wa kupoteza muda nilimpa maneno yake mapema, tusichoshane.

Tangu jirani afungue duka la viatu ng'ambo ya barabara, wateja wakaanza kunipita kama hawanioni. Mali ikanidodea rafuni, nikawa nafuta vumbi mara mbili kwa siku. Nikasema huyu kaniloga. Ningesema nini? Bei zetu zilikuwa zile zile, na mzigo tuliuchukua kwa mtu mmoja. Wiki nzima niliuza pea moja ya ndala. Mambo yangeendelea hivyo, mwezi usingeisha kabla sijafunga duka.

Jumamosi asubuhi uvumilivu ukanishinda. Nikavuka barabara kwenda kuona hiyo dawa aliyoifukia mlangoni.

Nikamkuta jirani amepiga magoti. Mbele yake, kwenye kiti chenye mto, amekaa mama yangu mzazi, mguu mmoja hauna kiatu, na jirani ameushika kisigino taratibu kama mtu aliyepokea yai.

"Kinabana wapi, mama?"

"Hapa, kwenye kidole kikubwa."

"Basi tusilazimishe. Nakuletea kipana zaidi." Akaingia stoo.

Nikamvaa mama hapo hapo. "Mama! Mimi nauza viatu hapo mbele, wewe unakuja huku? Watu watanionaje?"

"Marahaba," akasema, na mimi sikuwa nimemwamkia.

Nikaona haya, nikashusha sauti. "Shikamoo, mama. Lakini kwa nini hukuja kwangu?"

"Nilikuja. Juzi, Alhamisi."

"Alhamisi nilikuwepo kutwa nzima!"

"Ulikuwepo. Nilisimama kwenye viatu vya chini, karibu na mlango, nikajaribu kimoja. Ukasema, 'Bibi, mguu umevimba hivyo unauingiza kwenye viatu vya watu ili uvipanue? Vya mguu huo hatuna.' Hukuinua hata uso. Nikakirudisha mahali pake, nikatoka."

Maneno niliyakumbuka, kila moja. Uso sikuukumbuka kwa sababu sikuuona. Nilichokiona ni mguu: umejaa, ngozi inang'aa, nikaudhania wa bibi yeyote tu. Miezi minne nilikuwa sijakanyaga nyumbani, sikujua kama dawa za presha zinamvimbisha. Mimi ninayejisifu kwamba naijua miguu ya watu, mguu wa mama yangu ulinipotea. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mama, si ungesema ni wewe?"

"Ningesema, ungenipa maneno mengine?"

"Ndiyo, mama! Ningekupa kiti. Ningekushushia rafu nzima."

"Nilijua. Ndiyo nilikuwa nawaza njiani," akasema polepole. "Kwamba mama wa mwenzio hapati kiti."

Nikawafikiria wote niliowatoa mle ndani kwa ulimi, mama za watu na baba za watu, na jinsi nilivyokuwa nikiwasimulia mashoga zangu tukicheka mpaka machozi. Na nilikuwa nimemsingizia mtu uchawi.

Jirani akarudi na maboksi mawili. "Karibu, jirani," akasema bila kinyongo chochote. "Kumbe mnafahamiana?"

Mama akanitazama kidogo, kisha akageuza macho. "Ni mwenye duka la ng'ambo," akasema. "Tulikuwa tunasalimiana."

Mpaka leo sijui kama alikuwa ananisitiri mimi au anajisitiri yeye. Ninachojua ni kwamba uso uliniwaka na mikono sikujua niiweke wapi.

"Ni mama yangu," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie. "Huyu ni mama yangu mzazi."

Jirani akamgeukia mama, akingoja. Mama alikuwa ameinama, anabonyeza ncha ya kiatu kipya kwa kidole.

"Hiki hakibani," akamwambia jirani. "Nifungie hiki, mwanangu."