Tengsan Alipokimbilia Mlimani

Rimche alilitaja jina la mwanamume anayemtaka akiwa ameinama anaosha mchele, na hakuinua uso.

"Tengsan," alisema. "Mtoto wa shangazi."

Mama yake akaacha kukata popoo. Bibi yake, aliyekuwa amejilaza kando ya moto, akafumbua jicho moja.

"Yule anayecheka kama mbuzi?"

"Huyohuyo, bibi."

"Mh!" Bibi akalifumba tena jicho lake. "Basi waambie hao vijana wakaze mikanda. Yule ana miguu."

Hakukuwa na wa kupinga. Katika Milima ya Garo msichana ndiye anayechagua, nyumba ni ya mama, na Rimche ndiye binti aliyeteuliwa kuirithi. Mume wake angehamia kwao na kulima shamba la mama mkwe, na kwa kazi hiyo hakuna anayefaa kama mpwa wa baba mwenyewe. Baba yake Rimche, mzee Gonsing, aliposikia jina hilo alijifanya anakohoa ili watu wasimwone anavyotabasamu. Kilichobaki ni bwana harusi kukamatwa.

Kazi hiyo ni ya ndugu wa kiume wa upande wa mama. Mkubwa wao alikuwa Nojing, mtoto wa mama mkubwa, mwenye mabega mapana na sauti inayosikika mabonde mawili. Alichukua wenzake sita, wakavuka bonde kwenda kijiji cha Chiokgre, wakamkuta Tengsan kijitoni anakamata kaa. Hakuwa na habari yoyote. Walimrukia, wakambeba juujuu mpaka Dombagre, kijijini kwa kina Rimche, maji yanamtiririka na kaa mmoja amemng'ang'ania kwenye shati.

"Jamani, nishusheni nimtoe kaa!"

"Utamtoa ukishaoa!" Nojing alimjibu, na kijiji kizima kikacheka.

Nyuma ya ukuta wa mianzi Rimche alijiuma mdomo. Alikuwa amemwona Tengsan mara nyingi sokoni. Siku moja mkanda wa kapu lake ulikatika, tangawizi zote zikamwagika barabarani, na Tengsan akaziokota moja moja, akaufunga mkanda upya, akacheka kile kicheko chake, akaenda zake. Hakumwambia hata neno. Tangu siku hiyo Rimche hakuona sababu ya kutafuta mwingine.

Ila kukamatwa ni jambo moja na kukaa ni jingine. Mwanamume anayekamatwa akatulia hapohapo huonekana mroho, kwamba alikuwa anangoja tu wali wa watu. Lazima akimbie. Akikimbia mara ya kwanza watu hucheka, mara ya pili humsifu. Akikimbia mara ya tatu, basi, hamtaki msichana. Anaachwa aende, na hakuna wa kumfuata.

Tengsan alikimbia jioni ileile. Aliomba maji, walinzi wakageuka kumchotea, yeye huyo! Kesho yake mchana Nojing na wenzake walikwenda kwa mama yake Tengsan, ambaye ndiye shangazi yake Rimche. Aliwakaribisha pombe ya mchele, akawamiminia mpaka juu.

"Mwanangu?" alisema kwa sauti ya kusikika nje. "Sijamtia machoni tangu juzi!" Huku kidevu chake kikionyesha darini.

Walimtoa ndani ya lundo la pamba, anapiga chafya mfululizo.

Mara ya pili alikaa siku tatu kabla ya kutoroka. Nyumba zao zimeinuliwa juu ya nguzo, na chini hulala nguruwe. Aliinua mianzi miwili ya sakafu, akajidondosha, akamwangukia nguruwe jike mwenye watoto. Zile kelele ziliamsha hata wagonjwa. Hata hivyo alipotea, na safari hii walimtafuta siku tatu nzima kabla ya kumpata msituni, juu ya mfenesi.

Kijiji kilifurahi. Wazee walisema hawajaona bwana harusi hodari kama huyu miaka mingi. Rimche peke yake ndiye aliyeacha kucheka. Siku tatu ni nyingi. Mtu anayekimbia kwa mila hujificha mahali anapopatikana. Je, kama huyu alikuwa anakimbia kweli?

Mchana mmoja alimkuta anachana mianzi uani. Nojing alikuwa amekaa hatua kumi kutoka pale, anatafuna tambuu, macho hayabanduki. Rimche akapita na ungo wake, akasimama.

"We Tengsan. Unakimbia kwa mila au kwa moyo?"

"Nakimbia kwa miguu," Tengsan akasema bila kuinua kichwa.

"Nakuuliza kweli."

Kisu kikasimama. Masikio ya Tengsan yakawa mekundu. "Mara ya kwanza, mama angenichapa kama nisingekimbia. Mara ya pili..."

"Aa, aa, aa!" Nojing alipaza sauti. "Maongezi baadaye! Kwanza akae, ndio aongee!"

Rimche akaondoka na ungo wake, na nusu ya jibu.

Siku mbili baadaye, alfajiri, kabla jogoo hawajaanza kuwika, Rimche aliamshwa na ukelele wa Nojing.

"Amekimbia! Amekimbia! Ya tatu hii!"

Nyumba nzima ilikuwa imesimama. Walinzi wawili wa mlangoni, waliokuwa wamekunywa kupita kiasi, walikuwa wanalaumiana. Mama alikuwa amekaa chini, mikono kichwani. Nojing alitoka nje akaangalia njia ya bondeni inayokwenda Chiokgre, akarudi amenyong'onyea.

"Imekwisha, dada yangu," alimwambia Rimche, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Hatuwezi kumfuata tena. Pole."

Rimche alihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Akajikalia kando ya moto, kwa kuwa hakujua pengine pa kukaa, akayatazama makaa. Hapo ndipo alipoona kwamba kile kijinga kikubwa cha moto, alichokifukia mwenyewe kwenye majivu jioni, hakipo. Cheche zilikuwa zimetawanyika sakafuni mpaka mlangoni.

Mtu anayetoroka anataka giza. Huyu moto alikuwa na kazi nao gani?

"Nyamazeni!" alisema. "Nyamazeni nyote!"

Wakanyamaza. Kwa mbali, kutoka mlimani, ikasikika sauti ya debe: ta, ta, ta, ta. Kisha mlio mwingine, mrefu, wa kutetemesha.

"Tembo," bibi akasema. "Na baba yenu yuko dunguni peke yake, analinda mpunga!"

Rimche alikuwa ameshatoka. Alipanda njia ya shamba bila kufunga nywele, umande unamlowesha mpaka magotini, na nyuma yake ngoma ya kuamsha kijiji ikaanza kulia. Ukungu ulikuwa mzito. Alipofika kwenye uzio alisikia mianzi ikivunjika upande wa kushoto, halafu sauti ya baba yake kutoka juu:

"Mwanangu, simama hapohapo! Bado hawajafika mbali!"

Alisimama. Kidogo kidogo kishindo kikafifia kuelekea msituni, na mwanga ukapanda. Pembe moja ya shamba la mpunga ilikuwa imelala chini kama mkeka. Ngazi ya dungu ilikuwa vipande. Na juu ya dungu, kwenye matawi ya mti mkubwa, walikuwa wamekaa watu wawili weusi kwa masizi, mmoja mzee na mmoja kijana, wanacheka mpaka dungu linatikisika.

"Watano!" baba alipiga kelele. "Watano na mtoto wao! Mimi debe langu hawalijali, jike amekuja anavunja ngazi, nikasema leo ndiyo leo. Mara namwona huyu anatoka kwenye ukungu na moto mkononi, anapiga mayowe. Halafu, akili zake anazijua mwenyewe, akacheka! Kile kicheko! Tembo akasimama, akageuza masikio, akaondoka. Mimi mwenyewe ningeondoka!"

"Sikucheka, mjomba," Tengsan akasema. "Niliogopa. Nikiogopa hutoka hivyohivyo."

Rimche alisogea mpaka chini ya mti. Alitaka kuwa mkali.

"Ulikuwa unakimbilia kwenu?"

"Njia ya kwetu ni ya bondeni. Hapa ni mlimani."

"Na mara ya pili? Siku tatu zile?"

Tengsan akamtazama mjomba wake. Mzee Gonsing aligeuka haraka akaanza kuchunguza paa la dungu, kana kwamba hajawahi kuliona.

"Nilingoja hao ndugu zako," Tengsan akasema polepole. "Siku ya kwanza hawakuja. Ya pili hawakuja. Nikasema wamenisahau. Ya tatu nikaanza kuimba ili wanisikie. Niliimba mpaka sauti ikakauka, Rimche. Nojing ana mabega, lakini hana masikio."

Rimche akacheka. Kilianza kama kicheko, kikaingia machozi, kikarudi tena kuwa kicheko.

"Basi shuka."

"Nitashukaje? Nikirudi kwa miguu yangu watasema nimejileta. Mama ataficha uso sokoni mwaka mzima."

Kabla hajamjibu, kijiji kilifika: mikuki, ngoma, mbwa, na mbele yao nokma, mkuu wa kijiji, pamoja na mkewe ambaye ardhi yote ile ilikuwa ya ukoo wake. Walipokwisha kuhesabu hasara na kumpa pole mzee Gonsing, Nojing akajitokeza.

"Kazi aliyofanya ni kubwa, nani anakataa?" alisema. "Lakini mila ni mila. Ametoka mlangoni bila ruhusa mara tatu. Mimi ningependa abaki, ila nikimkamata leo, kesho Chiokgre watasema Dombagre huozesha waume kwa nguvu."

Watu wakaanza kubishana. Mmoja akasema mlango ndio unaohesabiwa. Mwingine akasema mara ya pili hakutoka mlangoni, alitoka sakafuni, kwa hiyo hii ni ya pili. Mwingine akauliza kama kumwangukia nguruwe kunapunguza hesabu. Nokma akapiga makofi kuwanyamazisha.

"Aulizwe mwenyewe. Tengsan! Unataka kukaa au kwenda?"

Tengsan akakuna kichwa. Kusema anataka ilikuwa aibu, na kusema hataki ilikuwa uongo.

"Mimi sijui, nokma," akasema. "Mimi niko juu ya mti."

Kicheko kilipotulia, Rimche alisogea mbele. Hakuwa amezoea kusema mbele ya watu, na alianza kwa sauti ya chini.

"Kaka Nojing, mtu akikimbia, anatoka kwa watu anaenda wapi?"

"Anaenda kwao."

"Huyu ameenda wapi?"

Nojing akatazama uzio, akatazama mpunga, akatazama dungu.

"Shambani kwa mama," akasema.

"Na mpunga huu unaliwa wapi?"

"Nyumbani kwa mama."

"Basi ametoka nyumbani akaenda nyumbani. Alichukua moto wa jikoni kwetu akaja kumtetea baba yetu, na wewe ulikuwa unakoroma. Kama huko ni kukimbia, nionyeshe aliyebaki."

Mkewe nokma alitema tambuu yake kando.

"Shamba ni nyumba," akasema. "Hajatoka. Hesabu ni mbili. Mkamateni, tukanywe chai."

Kelele zilizopigwa hapo zilirusha ndege wote wa msituni. Vijana wakaukimbilia mti. Tengsan, kwa adabu, akapanda tawi la juu zaidi. Lakini ngazi haikuwepo, shina lilikuwa linateleza kwa umande, na Nojing alipanda kimo cha mtu akaporomoka, akapanda tena akaporomoka tena, mabega na yote. Rimche alimtazama mara mbili, akavuta pumzi, akaikaza kanga yake kiunoni. Tangu utotoni alikuwa anaupanda mti ule kuamia ndege wasile mpunga. Alijua kila fundo lake. Akampita kaka yake, akaupita mguu wa baba yake aliyekuwa anajipigapiga mapaja kwa kicheko, akanyoosha mkono akaushika mguu wa Tengsan.

"Nimekukamata."

"Nimekamatwa!" Tengsan akawatangazia watu. "Mmeona? Ni nguvu! Nimeshindwa!"

"Sijawahi kuona mwanamke akikamata mwenyewe," mtu mmoja akasema.

"Na mimi sijawahi kuona vijana wavivu kama hawa," akajibu bibi, ambaye ndio kwanza anafika, anahema juu ya fimbo yake. "Tengsan! Shuka upesi, moto wa nyumbani umeuchukua wote, na mimi nina baridi."

Walimshusha kwa kamba, wakambeba juujuu mpaka nyumbani. Kuku walichinjwa, na mzee wa matambiko akawasoma matumbo yao na kusema mambo yote ni mazuri. Jioni shangazi alifika kutoka Chiokgre na blanketi la pamba begani. Alimgombeza mwanawe kwa kukubali kukamatwa na msichana, akamgombeza mpaka akachoka, halafu akakaa karibu na Rimche akamshika mkono, asiuachie mpaka wali ulipoletwa. Tengsan alikula sahani tatu. Hakuna aliyemwita mroho.

Asubuhi iliyofuata hakukuwa na mlinzi mlangoni. Rimche alifunga wali na samaki mkavu kwenye majani ya mgomba, akawapelekea wanaume wawili walioamkia shambani. Alipokaribia uzio alisimama kidogo kusikiliza. Kule juu mjomba na mpwa walikuwa wanagombana kuhusu namna ya kufunga ngazi mpya, mmoja anataka kamba ipite juu, mwingine chini, na hakuna aliyekuwa anamsikiliza mwenzake.