Mjusi wa Ruhuhu

Oktavia aliondoka Kichiwa alfajiri, mtoto mgongoni, akaenda Makambako kumpokea mumewe. Habari zilikuwa zimefika kwamba lori la Mzungu mtafuta mifupa ya kale limeshapita Njombe. Agustino aliondoka na Mzungu huyo msimu wa kupanda mahindi, kwenda kuchimba mawe bonde la Ruhuhu, na mtoto alizaliwa yeye hayupo.

Lori lilisimama mbele ya duka la Mhindi. Akashuka Hezekia, jirani yao aliyekwenda pamoja na Agustino. Alipomwona Oktavia alivua kofia, akabaki ameishika kwa mikono miwili.

"Kamwene, shemeji."

"Kamwene. Mwenzako yuko wapi?"

"Ukingo wa mto ulimwangukia, shemeji. Mvua ilikuwa imeulainisha. Tulimfukua kwa mikono, tukamkuta ameshakata roho."

Oktavia alimvuta mtoto kutoka mgongoni hadi kifuani. "Mmemzika wapi?"

"Huko huko, juu ya mto. Padre hakuwepo. Nilimwombea sala zetu za Kilutheri. Zenu za Kikatoliki sizijui."

"Alikuwa anachimba nini?"

Hezekia alimgeukia Mzungu, na Mzungu akafungua sanduku mwenyewe. Ndani ya pamba kulikuwa na jiwe, na katika jiwe mifupa ya mjusi mdogo, ubavuni ametandaza vijiti vyembamba kama njiti za mwavuli. Kwa Kiswahili chake cha kubahatisha, Mzungu alieleza kwamba ngozi iliwambwa hapo, na mjusi huyo akijirusha akaelea toka mti hadi mti, zamani kabla binadamu hajawapo.

"Mume wako ameona kwanza," akasema. "Yeye. Si mimi."

"Alicheka, shemeji," Hezekia akadakia. "Akasema, nikimsimulia Oktavia, mjusi mwenye mabawa, ataniita mwongo."

 Hapo Oktavia aliketi vumbini akalia, na mtoto naye akaangua kilio.

Hezekia alimsindikiza kurudi, amebeba blanketi la marehemu begani. Jua lilikuwa linashuka walipoanza kupanda kilima cha Kichiwa. Juu shambani alisimama Telesia, mama yake Agustino, mwenye macho yasiyoona mbali tena. Aliona mwanamke na mwanamume wakija pamoja.

Akatupa jembe. Akapiga vigelegele, akateremka mbio huku amefungua mikono.

"Mwambie wewe," Oktavia akanong'ona.

Hezekia alishusha blanketi begani, akalishika kwa mikono miwili. Vigelegele vilizidi kukaribia.