Shauri la Malezi ya Chiriku

Mtoto mwenyewe walimwita Chiriku, kwa sababu tangu aote meno hakujua kunyamaza. Alikuwa na miaka saba, na kila siku akitoka shule alikwenda moja kwa moja kwenye duka la kunyolea la baba yake, akakaa kwenye benchi la wateja, daftari mapajani, mdomo ukienda kama cherehani. Baba yake, mtaa mzima ulimwita Wembe. Yeye alikuwa mtu wa maneno machache. Wateja walisema baba hakunyimwa ulimi, ila fungu lake alichukua binti.

Mama wa mtoto alifariki kwa homa ya siku nne tu, Chiriku akiwa na miaka minne. Watu walidhani Wembe angempeleka mtoto kwa ndugu. Hakumpeleka. Alijifunza kupika, akajifunza kupasi sketi, na kwa msusi wa chumba cha jirani akajifunza kusuka. Mwezi wa kwanza mtoto alikwenda shule na mistari iliyopinda kama njia ya mbuzi, mpaka mwalimu wake akauliza kama kwao kulipita kimbunga. Lakini mkono uliozoea mashine ya kunyolea haukukosa akili. Ulipoisha mwaka, akina mama wengine walikuwa wakimuuliza Chiriku nani anamsuka.

Sasa, huyu mama mkwe wake Wembe alikuwa mwalimu mstaafu. Miaka thelathini na minne alishika chaki, kumi na miwili ya mwisho akiwa mkuu wa shule, na hadi leo hakuna aliyemwita vingine ila Mwalimu. Akiingia mahali, watu wazima wenye familia zao walijikuta wakichomekea mashati.

Siku moja mchana alifika dukani bila taarifa. Alimkuta mjukuu wake katikati ya wanaume wawili waliokuwa wakibishana kuhusu penalti.

"Bibi!" Chiriku akaruka. "Huyu anasema refa alihongwa, na huyu anasema refa ni kipofu. Wewe unaonaje?"

Mwalimu hakusema aonavyo. Alimvuta Wembe nje.

"Mkwe wangu, sikuja kugombana. Mtoto huyu ni wa kike. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wake ni hilo benchi. Nipe nimlee. Nina chumba, nina vitabu, nina muda."

Wembe alitazama mashine mkononi mwake. "Nashukuru, mama. Lakini mtoto wangu nitamlea mwenyewe."

"Sikuombi kwa kukudharau."

"Najua, mama."

Mwalimu aliondoka bila kuyagusa maji aliyoletewa. Baada ya wiki mbili ikaja hati ya wito wa mahakama: Mwalimu ameomba apewe malezi ya mjukuu wake.

Wembe aliisoma wima, mteja aliyenyolewa upande mmoja akimngoja kwenye kiti. Akairudia mara tatu. Kila alivyosoma, aliona ameshashindwa. Mwenzake ana elimu, ana nyumba ya vyumba sita, ana jina mjini. Yeye ana kiti kimoja cha kuzunguka na kioo chenye ufa. Jioni ile alipokuwa akikunja nguo za mtoto alijishtukia anazipanga kama za mtu anayesafiri. Hata wazo la kumpeleka mwenyewe kwa hiari lilimpitia, ili Chiriku asije akaona baba yake ananyang'anywa mtoto mbele za watu.

Aliyemzindua ni msusi. "Nyuma ya posta kuna ofisi ya msaada wa sheria. Hawatozi kitu. Nenda."

"Nitajieleza mwenyewe."

"Kinyozi hajinyoi, baba. Wewe kuliko wote ulipaswa kulijua hilo."

Wakili aliyempokea alikuwa binti mdogo kwa umri, kalamu yake imetafunwa mwishoni kama ya mwanafunzi. Wembe alitegemea kuulizwa ana vyumba vingapi. Hakuulizwa.

"Umewahi kumpiga mtoto ukamuumiza?"

"Hapana."

"Amewahi kulala njaa?"

"Hapana."

"Shule hukosa?"

"Alikosa wiki moja. Tetekuwanga."

Wakili akacheka. Akachukua kitabu chembamba chenye jalada lililochakaa, katiba ya nchi, akakifungua na kumgeuzia. "Soma hapa."

Wembe alisoma polepole, kidole kikifuata mstari: mzazi ndiye mwenye haki ya kwanza na wajibu wa kwanza wa kumlea mtoto wake, wala mtoto hatatengwa na mzazi wake isipokuwa mahakama ithibitishe kwamba anadhurika.

"Hii inamhusu nani?" akauliza.

"Mzazi."

"Hata kinyozi?"

"Wewe umeona hapo wameandika kazi?"

Akasoma tena. Hawakuandika kazi. Hawakuandika vyumba wala vyeti. Kwa mara ya kwanza tangu hati ile imfikie, pumzi ilimshuka hadi tumboni.

Siku ya shauri, Mwalimu alizungumza kwa dakika ishirini, sentensi zake zimenyooka, na hapakuwa na neno la uongo ndani yake. Alieleza habari za benchi, za wanaume na maneno yao, za mtoto kukua bila mwanamke nyumbani. Wembe alijikuta akitikisa kichwa kukubali, hadi wakili akamkanyaga mguu chini ya meza.

Kisha akasimama afisa wa ustawi wa jamii, mama wa makamo aliyekuwa amekwenda nyumbani kwa Wembe mara mbili bila kupiga hodi kwa simu kwanza. Alisema alikuta mtoto msafi, ameshiba, anasoma kuwapita wenzake, na anampenda baba yake na bibi yake pia.

"Mtoto ana tatizo lolote?" hakimu akauliza.

"Moja, mheshimiwa. Anaongea sana."

Hakimu hakubisha. Asubuhi ile alikuwa amemwita Chiriku ofisini kwake kwa dakika kumi. Walitoka baada ya nusu saa, hakimu habari zote za refa ameshazijua.

Akamgeukia Mwalimu. "Umewahi kumwona baba huyu akimtesa mtoto?"

"Hapana."

"Akimtelekeza?"

Mwalimu alimtazama Wembe. Ni mtu wa haki, hata shauri likimwendea upande. "Hapana, mheshimiwa. Simtuhumu kwa ubaya. Ninachosema ni kwamba kwangu angelelewa vizuri zaidi."

"Inawezekana kabisa," hakimu akasema kwa upole. "Lakini katiba haikunipa kazi ya kutafuta nani angemlea vizuri zaidi. Nikianza kazi hiyo, Mwalimu, mtaani hatabaki mzazi na mtoto wake, na wa kwanza kunyang'anywa nitakuwa mimi." Akavua miwani. "Mtoto hadhuriki. Atabaki kwa baba yake. Kumtembelea bibi ni jambo jema, ila uamuzi huo ni wa mzazi."

Nje ya chumba cha mahakama Wembe aliegemea ukuta. Alitaka kumshukuru wakili na maneno yakamkimbia, kama kawaida yake.

"Mlete mumeo," akasema mwishowe. "Nitamnyoa bure maisha yake yote."

"Sina mume. Nina baba, naye ana upara."

"Basi nitaupaka mafuta."

Wakili alicheka mpaka mafaili yakamponyoka. "Mimi nilisoma tu kilichoandikwa, kaka. Washukuru walioandika."

Neno hilo lilimwingia Wembe. Aliwafikiria watu asiowajua, waliokaa kwenye ukumbi fulani kabla Chiriku hajazaliwa, labda kuna joto, labda wamechoka na kubishana, na mmoja wao akasema hapana, hili la mzazi tusiliache, tuliandike. Hakuwaza kinyozi yeyote mtu yule. Hata hivyo alimwandikia yeye. Wembe akasema "asanteni" kwa sauti, peke yake pale ukutani, na karani aliyekuwa akipita akaitikia "karibu" bila kujua kashukuriwa kwa nini.

Mwishoni mwa korido Mwalimu alikuwa amekaa peke yake, mkoba magotini. Jana Wembe angempita mbali. Leo hofu ilikuwa imemtoka, na pale ilipokaa hofu aliona kuna nafasi ya kumwonea huruma mtu mwingine. Akaenda akakaa kando yake.

"Umeshinda," Mwalimu akasema.

"Hatukuwa tunashindana, mama."

Mwalimu alitazama mikono yake. "Nilimzika mwanangu. Kila nikija kwako namwona kwenye macho ya mtoto, halafu muda wa kuondoka unafika."

"Sijawahi kukuambia uondoke."

"Hujawahi. Nilikuwa najiambia mwenyewe. Nikaona nikimchukua, muda huo hautafika tena." Akafuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Nisamehe, mwanangu."

Miaka yote alikuwa akimwita mkwe. Wembe akamsogelea. "Alhamisi dukani kunakuwa na watu wengi," akasema. "Ningependa awe anatoka shule anakuja kwako, alale huko, Ijumaa umpeleke shule. Kila wiki. Kama utaweza."

"Unaniomba?"

"Nakuomba, mama."

Alhamisi ya kwanza Mwalimu alikuwa langoni mwa shule kabla kengele haijalia. Wembe alifunga duka robo saa akaenda kuwaona, akasimama ng'ambo ya barabara. Chiriku alishika mkono wa bibi yake na hadithi ilikuwa imeshaanza. Mwalimu, aliyewanyamazisha watoto miaka thelathini na minne, alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza, na mara moja akasimama katikati ya njia akacheka. Wembe aliwatazama hadi walipokata kona. Kisha akarudi kazini akiwa mwepesi, mwenye mtoto wake na mwenye mama.