Vigae Vitatu na Robo

Siku aliyokabidhiwa funguo za nyumba yake ya kwanza, kijana mmoja mhitimu wa takwimu, ambaye chuoni walimwita Desimali kwa sababu hakuwahi kukubali kitu kihesabiwe kwa makadirio, alipiga magoti mlangoni akaanza kuhesabu vigae vya sakafu. Wenzake wakipata nyumba hupiga picha. Yeye alihesabu. Chumba, sebule, jiko, korido na choo, jumla vigae mia nne kamili, akafurahi kama mtu aliyeokota pochi, maana mia nne ni namba inayogawanyika vizuri.

Benki ilikuwa imelipa asilimia themanini ya bei ya nyumba. Ishirini iliyobaki ndiyo ilikuwa kianzio. Kwa hiyo, akajiambia, vigae themanini ni vyangu na mia tatu na ishirini ni vya benki, na mtu mwenye heshima zake hatembei ovyo kwenye mali ya watu. Akachukua chaki. Alichagua choo kwanza, kwa sababu kuna mambo hayasubiri mkopo uishe, kisha korido, kisha sehemu ya jiko yenye mlango wa nyuma. Hapo themanini vikatimia. Akachora mstari, na kuanzia siku hiyo akaishi upande wake.

Usicheke mapema, kwani hujaona kitu. Alilala jikoni, miguu ikiishia koridoni. Sinki lilikuwa upande wa benki, basi vyombo akaviosha chooni. Taa ya jiko nayo ilining'inia upande wa benki, lakini mwanga wake ulivuka mstari bila kuuliza mtu, na jambo hilo lilimnyima raha wiki nzima mpaka alipoamua kwamba mwanga haukanyagi.

Chumba cha kulala kilikuwa cha benki chote. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini kwenye ofisi ya ankara za maji, Desimali alisimama kwenye mstari wake koridoni, akakitazama kile chumba kitupu chenye dirisha kubwa, akasema, "Hodi." Alisubiri kidogo, kama adabu inavyotaka. Hakuna aliyemkaribisha. Basi akachukua mkoba wake akaenda zake.

Aliamini mstari utatembea. Kila mwisho wa mwezi benki ilikata karibu nusu ya mshahara wake, naye akakaza mkanda, akala mkate mkavu, akanyolewa na rafiki yake. Kumbe riba ilikuwa ikila kwa meno yote na kumwachia yeye makombo. Baada ya miezi kumi alipiga hesabu mara sita, jibu likawa lile lile: amejinunulia vigae vitatu na robo. Ile robo aliipima kwa rula, akaichora chaki, akakaa chini akalia.

Ndipo Jumatatu mama yake akapiga simu. Huyu mama alikuwa mshonaji, na kile kianzio kilikuwa chake chote: aliuza kibanda, cherehani nne, meza ya kukatia na hata mkasi mkubwa, ili mwanawe asipange tena kwa watu.

"Mwanangu, mwenye nyumba wangu kapandisha kodi, nimeshindwa," alisema. "Jumamosi nakuja na godoro langu. Si ulisema chumba changu kipo?"

"Kipo, mama," alijibu Desimali, na hakusema uongo. Kilikuwepo. Alikata simu roho ikiwa juu, kwa sababu kwa mahesabu yake chumba hicho kingefikiwa na mstari wake akiwa na mvi, na mama yake hakuwa na pengine pa kwenda.

Mtu mwingine angefuta chaki. Desimali alikwenda benki kuomba ruhusa.

Afisa mikopo alimsikiliza mpaka mwisho bila hata kutabasamu. "Kwa kweli hakuna mteja aliyewahi kutuuliza," alisema. "Lakini ukishauliza, lazima kuwe na fomu." Kwa kuwa fomu haikuwepo, aliitunga palepale: Ombi la Mkopaji Kuingia Sehemu Isiyo Yake. "Majibu ni siku saba za kazi."

"Mama anakuja Jumamosi, mzee."

"Basi Jumamosi nitakuja mwenyewe kukagua."

Akaja kweli, asubuhi, na futi mkononi na mhuri kwenye begi. Alipima kila kitu. Aligundua kona ya godoro la Desimali imeingia kwa benki sentimita nne, akaandika. Desimali, kwa woga, hakujua afanye nini na mikono yake, akawa anammiminia chai tu. Kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Afisa alikunywa akiandika, akaandika akinywa.

"Uamuzi," alisema hatimaye, akisimama katikati ya korido. "Mama anaruhusiwa kuingia chumbani dakika arobaini kwa wiki. Bila viatu. Kulala, hapana."

Wakati huohuo mlango wa mbele, ambao Desimali hakuutumia tangu achore chaki kwa sababu ulifungukia kwa benki, lakini afisa hakuufunga alipoingia, ulisukumwa. Mama yake akaingia na godoro kichwani, akakata sebule moja kwa moja.

"Mama, usikanyage hapo!"

"Kuna nini, nyoka?" Mama alisimama, akatua godoro. Aliitazama ile mistari ya chaki, akaangalia godoro la mwanawe jikoni, sahani zilizopangwa juu ya tangi la choo, na yule bwana mwenye futi. "Nani kachora mistari nyumbani kwa watu?"

Desimali akamwamkia kwanza, shikamoo, kisha akamweleza yote. Hakuficha hata ile robo.

"Samahani, mama," afisa akaingilia, "katika mkopo huu wewe ni nani?"

"Mimi ni cherehani nne na kibanda," mama alisema. Akageuka kwa mwanawe. "Hivi themanini vimetoka wapi?"

"Kwako, mama."

"Vyako ni vipi?"

Desimali akaonyesha vigae vitatu na robo, kando ya jiko la gesi.

"Haya, kasimame kwako."

Akaenda akasimama, mguu mmoja ukibana kwenye ile robo, uso umemsawijika kwa aibu. Miezi kumi alikuwa akijiita mwenye nyumba, kumbe alikuwa mgeni wa mama yake, na hata hodi hakuwahi kumpigia. Lilimuuma kuliko riba yote.

"Na wewe," mama akamwambia afisa, akivuka mstari kuingia koridoni, "hapo ulipo ni koridoni kwangu. Nani kakukaribisha?"

Afisa alitazama vigae chini ya viatu vyake. Kanuni ni kanuni. Alirudi nyuma mpaka sebuleni, kwa mwajiri wake, akasimama pale. Basi wakawa hivyo, kila mtu kwake, wanatazamana. Dakika tano. Kumi. Afisa akaanza kubadilisha mguu. Akatazama dari. Akatazama mlango wa choo. Vikombe vitatu vya chai si mchezo, na katika vigae mia tatu na kumi na sita na robo tatu vya benki, hakukuwa na choo hata kimoja.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "naomba kujisaidia."

"Ombi lako limepokelewa," mama alisema. "Majibu ni siku saba za kazi."

"Mama, tafadhali!"

"Una fomu?"

Jasho lilimtoka yule bwana. Alipiga goti sakafuni, akafuta zile dakika arobaini, akaandika upya haraka: waingie, wakae, walale, mpaka mkopo uishe. Akagonga mhuri kwa nguvu, akamtupia mama karatasi, akakimbilia chooni mbio ambazo benki haijawahi kuziona.

Afisa alipoondoka, mama alichukua ndoo na kitambaa, akapiga deki nyumba nzima. Chaki ikaenda na maji. Kisha akabeba godoro lake akaingia chumbani.

Desimali alibaki juu ya vigae vyake hata baada ya mistari kufutika. Karatasi yenye mhuri, aliyoachiwa na mama, alikuwa nayo mkononi, lakini miguu ilikataa. Akasogea polepole koridoni mpaka pale aliposimama kila asubuhi kwa miezi kumi. Dirisha lilikuwa wazi na mtu alikuwa anakung'uta shuka.

"Hodi," alisema, kwa mazoea.

"Karibu, mwanangu," mama akaitika. "Nishikie upande huu wa shuka."