Mkuyu wa Divin

"Na mti huu, Épiphanie?" Khurshid aliuliza, akigonga kwa ukucha kona ya linoleamu, kipande laini cha kuchongea picha. "Maonyesho ni Jumamosi."

"Huo bado."

Khurshid, mwalimu wao wa uchapaji picha, hakumsukuma. Kila wiki wanawake wachache wahamiaji wa mtaa wa Thorncliffe Park, ughaibuni, walikuja kwake kuchonga mandhari, na mandhari ya Épiphanie ilikuwa moja tu: kilima cha juu ya Uvira, ua wa baba yake, na mikuyu mitatu. Baba alipanda mkuyu kila mtoto alipozaliwa. Wa Épiphanie na wa kaka yake Moïse ilikwisha kuchongwa hadi majani. Wa tatu, wa kitinda mimba wao Divin, ulikuwa donge tu. Divin alipotelea njiani vita vilipoingia mwaka uliopita, '96. Katika kazi ile, palipochongwa hubaki peupe. Palipoachwa ndipo hushika wino. Épiphanie alikuwa amemwacha hivyo, hajamgusa kwa kisu.

Moïse alipiga simu Alhamisi kutoka Kigoma, Épiphanie akiwa amekwisha kuvaa sare ya kwenda kuogesha wazee kwenye makao yao huko Agincourt.

"Dada, umekaa?"

"Sema tu."

"Tumempata mtu aliyemzika."

Hakuuliza wapi. Aliuliza walimfunika na nini.

"Majani," Moïse alisema.

Alikwenda kazini, akawaogesha wazee wake wote. Jioni akapita kwa Khurshid, akaweka linoleamu juu ya hita ilainike, akashika kisu. Vipande vyembamba vikajikunja, vikamwangukia mapajani.

"Unauondoa wote?" Khurshid alishtuka. "Ukishakata, haurudi."

"Najua, dada yangu."

Khurshid akamtazama usoni, akavuta kiti, akaketi kando yake.

Jumamosi picha ikatundikwa karibu na dirisha. Mzee mmoja mwenye koti zito alisimama mbele yake muda mrefu, kisha akaonyesha ile sehemu nyeupe kando ya mikuyu miwili.

"Theluji!" alisema kwa furaha. "Kumbe hata kwenu?"

Épiphanie alitaka kumweleza. Kiingereza chake kilitosha kwa hilo. Lakini aliitikia kwa kichwa tu.

Mzee akavaa miwani, akainama hadi pua ikakaribia kugusa karatasi.

"Ajabu," alisema. "Hakuna aliyepita hapa. Hata unyayo mmoja."