Mlio wa Fimbo Korongoni

Mdogo wangu Egid ana mdomo. Siku ile alikuwa nao wote mezani kwa Mama Zenzi, mwenye kibanda cha chakula kule juu mlimani kwetu, huku supu ya madonge ya ini ikipoa mbele yake.

"Fimbo za nini?" akasema. "Kuteleza kwenye theluji ni miguu. Magoti yakikunjika vizuri, mikono ni ya kushikia bia tu. Mwangalieni dada Vroni anavyochomachoma theluji, utadhani anapanda viazi."

"Kiazi nitakachopanda ni wewe," nikamwambia.

Ukweli ni kwamba hakukosea sana. Kila majira ya baridi nafundisha wageni kuteleza, mbao miguuni na fimbo mikononi, na kwa wengi wao fimbo hizo ni mzigo mtupu: wanaziburuta, wanachomana nazo kwenye foleni. Kwa mtu anayejifurahisha mchana wa jua, kwenye mteremko uliosawazishwa, miguu inamtosha. Lakini sikutaka kumpa ushindi huo mbele ya watu.

"Na ukungu ukishuka?" akauliza Mama Zenzi, anafuta meza. "Utagonga nini?"

"Nitaimba."

"Ukiimba wewe, hata ng'ombe watahama bonde. Chukua fimbo, mwanangu."

Hakuchukua. Aliziacha zimeegemea ukuta wa kibanda, akatoka anapiga mluzi.

Kwetu, ukungu ukiwakuta watu mlimani, aliyetangulia hugonganisha fimbo zake mara mbili, na wa nyuma humjibu mara moja. Sauti ya mtu haifiki mbali ukunguni. Mlio mkavu wa fimbo hufika. Tumefundishwa hivyo tangu hatujaota meno ya pili, na mikono hujibu yenyewe kabla akili haijafikiri.

Ukungu ulitukuta karibu na korongo, nami nimemtangulia Egid. Ulikuwa mzito hata sikuziona mbao za kutelezea miguuni mwangu. Theluji nyeupe, hewa nyeupe, hakuna juu wala chini. Nikasimama, nikamwita. Nikagonga fimbo mara mbili, kwa mazoea tu.

Tak, nikajibiwa, upande wa kushoto.

Moyo ukatulia. Nikageuza uso kule, ndipo nikakumbuka kwamba fimbo za Egid ziko ukutani kwa Mama Zenzi. Na kushoto ni korongo. Hakuna mahali pa mtu kusimama.

Nikachomeka fimbo kwenye theluji ili nijishikize, nayo ikaburutwa nyuma yangu. Nilikuwa nakwenda! Muda wote nilidhani nimesimama, kumbe nateleza taratibu kuelekea kushoto. Macho hayakuniambia, miguu haikuniambia. Nikaikandamiza fimbo kwa nguvu zangu zote mpaka nikasimama kweli.

"Dada!" Ilikuwa sauti ya Egid, kutoka juu, upande wa kulia. "Nakusikia unagonga! Nakuja!"

"Si mimi! Simama hapo hapo!"

Tak, kushoto. Na mimi sikuwa nimegonga kitu.

"Nimeshasimama," akasema Egid, lakini sauti ilikuwa imesogea. "Nimesimama, Vroni. Mbona unanipita?"

Ilikuwa sauti ya mtu aliyetulia, anayelalamika kidogo tu, na ilikuwa inakatiza mbele yangu kwenda korongoni.

"Kaa chini! Egid, jitupe chini!"

"Nijitupe kwa nini, nime..."

Nikazitupa fimbo zote mbili, nikairukia ile sauti. Nilimpata kiunoni. Tukaanguka, tukaburutana, mbao zake zikachomoka, tukakwama. Nikazisikia fimbo zangu zikiteremka, zikiteremka, kisha zikanyamaza ghafla kama zimeokotwa.

Tukalala pale tumeng'ang'aniana. Niliogopa mpaka nikalia, na sioni aibu kusema.

"Nilikuwa nimesimama, dada," akanong'ona. "Haki ya Mungu, nilikuwa nimesimama."

"Nyamaza."

Halafu, kutoka korongoni: tak, tak. Mara mbili. Mlio wa fimbo zangu naujua. Safari hii aliyegonga hakuwa anamjibu mtu. Alikuwa ametangulia, anamsubiri wa nyuma yake.

Nikamziba Egid mdomo kwa glavu. Uso wake ulikuwa karibu kabisa na wangu, macho yamemtoka, alikuwa ameelewa. Alitikisa kichwa kukataa. Lakini mikono yake ilikuwa imeshainuka, vidole vimejikunja kama vimeshika fimbo, na zile ngumi mbili za glavu zikagongana mara moja, bila mlio.

Nikaikamata mikono ile, nikailalia kwa uzito wangu wote, mpaka ukungu ulipoondoka.